Mama Kekee na Biti Nne Zilizobaki

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, Mama Kekee ameinama mbele ya mashine yake kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Mkono wa kulia umeshika spana, wa kushoto umeshika spana nyingine, na yote miwili inatetemeka. Anavuta pumzi, anaizuia kifuani, anakaza mara moja, kisha anaachia.

"Mwandishi," anasema bila kugeuka, "ondoa kiwiko chako mezani. Meza ikitikisika na biti inatikisika. Ukitaka kuegemea, ukuta ule pale, hautozi hela."

Kiwiko kinaondolewa haraka.

Mashine yenyewe ingeenea juu ya dawati la shule. Ina fremu ya alumini, reli mbili na mota ndogo inayokwenda kushoto, kulia, juu na chini kwa kufuata amri za kompyuta kuukuu iliyong'oka vitufe vitatu. Wenye mashine za namna hii huziita CNC. Mama Kekee huiita "huyu", kama vile anazungumzia mpangaji.

Chini ya mota kuna bamba la pembe ya ng'ombe lililochemshwa, likakandamizwa na kunyooshwa hadi likawa jembamba. Humo vitatoka vifungo ishirini vya sweta za watoto, kila kimoja kina upana wa milimita kumi na moja na matundu manne katikati. Kila tundu ni la milimita moja na nusu. Sindano inapita na uzi wake, basi.

Anabonyeza kitufe. Mota inavuma. Biti, ile ncha nyembamba ya chuma inayotoboa, inashuka, inagusa pembe kidogo, inapanda, inashuka tena. Mwenyewe huita kudonoa. "Kama kuku," anaeleza. "Ukiizamisha mara moja pembe inaungua, biti inakwama. Mwenda pole hajikwai."

Hata ikidonolewa, pembe hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Mtaa mzima unaijua. Jirani wa mlango wa pili ana desturi ya kufunga dirisha lake kwa kishindo ili ujumbe ufike, na asubuhi hii umefika mapema.

Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne kunasikika "tak!" Kitu kinagonga kioo cha plastiki kilicho mbele ya mashine na kuanguka. Mota inaendelea kushuka na kupanda, inadonoa hewa.

"Ala!" anasema Mama Kekee, na kuizima.

Anapasha kijiti cha shaba kinachoshika biti kwa kiberiti cha gesi mpaka gundi ilegee, anang'oa kisiki cha biti kwa koleo, anaweka biti mpya kwa tone la supagluu. Kazi hiyo ingemchukua mtu mwingine dakika mbili. Yeye inamchukua kumi na moja, kwa sababu anasubiri mkono utulie kabla ya kila tendo. Anawasha tena. Matundu sita, tak! Anabadilisha. Matundu mawili, tak!

Sasa hasemi "ala". Anakaa kwenye kigoda, anafungua kiboksi cha biti na kuhesabu kwa kidole. Zimebaki nne. Duka linalouza biti nyembamba hivi liko mji mwingine, na mzigo huchukua siku tano kufika. Oda ya vifungo mia nane inatakiwa keshokutwa, Alhamisi mchana. Mia tano na ishirini viko tayari ndani ya mfuko wa kitambaa. Mia mbili na themanini havijazaliwa.

"Nikikosa hii," anasema, na kuonyesha mashine kwa kidevu, "huyu anauzwa. Nilikubali mwenyewe. Nilimpa mwanangu mkono."

Mama Kekee ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kutoboa amekufanya kwa miaka thelathini. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mtengeneza vifungo, kwa kekee, chombo cha kutobolea cha kukanyaga kwa mguu, aliyoinunua ujanani. Alipougua kifua, kazi iliendelea kutoka nyumbani mwao kama kawaida, na wateja walishangaa jinsi mgonjwa anavyoweza kutoboa vizuri kuliko alipokuwa mzima. Siku mteja mmoja alipoingia bila kubisha hodi, alimkuta mke amekaa mbele ya kekee, miguu inakwenda, na mume amelala kitandani anakunywa uji. Jina lilianza siku hiyo.

"Mume wangu alicheka mpaka akakohoa," anakumbuka. "Akamwambia, sasa umeona siri ya ndoa yangu. Nenda katangaze."

Baada ya mume kufariki, miaka tisa iliyopita, kekee ilimlisha yeye na kuwamalizia shule watoto wawili wa mwisho. Hesabu zake zote ni za vifungo. Vifungo hamsini ni kilo ya mchele. Mia tatu ni kodi ya chumba kwa mwezi. Wiki nzuri hutoa mia nne, na wiki ambayo bucha hazina pembe nzuri hutoa maneno matupu.

Kisha mikono ikaanza. Kwanza kikombe cha chai kiligonga kisahani, akadhani ni uchovu. Halafu uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Daktari alimwambia si ule ugonjwa mkubwa aliouogopa, ni mtetemo tu, utakuwepo, na dawa itaupunguza bila kuumaliza.

"Mtetemo tu!" anasema. "Mwambie mtu anayetoboa matundu manne ndani ya kitu cha ukubwa wa ukucha kwamba ni mtetemo tu. Nilitoka hapo nikalia barabarani, na sikujificha."

Kwenye kifungo, uzi huzunguka kile kipande chembamba kilichobaki kati ya tundu na tundu. Mafundi hukiita daraja. Tundu likienda kando hata kidogo, daraja linakonda, na sweta ikifuliwa mara mbili linakatika. Mama Kekee alianza kurudishiwa vifungo. Mwaka mmoja alirudishiwa vingi kuliko alivyouza.

Aliyemletea mashine ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kutengeneza vyerehani vilivyoharibika. Aliipata kwa kinyozi mmoja aliyeinunua ili achonge majina ya watu kwenye mbao, akachonga matano, akachoka. Bei yake ilikuwa mbuzi wanne wa sokoni, ikalipwa kwa miezi kumi.

"Nilimwambia, shemeji, huyu hatetemeki," anasema fundi huyo kwa simu, maana wiki hii yuko safarini, karakana ya mbali imemwita kwa ajili ya vyerehani kumi na viwili. "Kumbe nilimdanganya. Anatetemeka vizuri sana. Nyumba ile mwenye mashine anatetemeka, mashine inatetemeka, sasa nani amshike mwenzake?"

Tatizo lilikuwa kubana biti. Mota ya mashine hii hushika biti kwa koleti, yaani kile kikombe kidogo cha chuma chenye mianya ambacho ukikaza nati hubana shina lililomo ndani. Koleti zilizokuja nayo ni mbili, ya milimita sita na ya milimita tatu. Biti ya milimita moja na nusu ina shina la milimita moja na nusu. Ukiitia humo inaanguka kama funguo ndani ya ndoo.

Mama Kekee aliizungushia karatasi. Ilishika, ikayumba. Akajaribu karatasi ya foili, uzi wa kushonea, na bomba la kalamu lililokatwa. Shemeji alileta kibanio cha meno matatu kama cha drili ya mkono, chenye mkia wa kuingia kwenye koleti. Kilishika biti barabara, lakini kilikuwa kizito, na ncha ya biti ilichora duara badala ya kusimama mahali pamoja. Ukiitazama ikizunguka unaona kivuli cha biti mbili.

Kwa kibanio hicho alitoboa oda yake ya kwanza ya mashine, vifungo mia nne. Kwa macho vilipendeza. Matundu yalikuwa mapana kuliko biti iliyoyatoboa, na madaraja yote yalikuwa yamekonda. Baada ya wiki tatu mteja aliurudisha mfuko bila kusema neno, akauweka mlangoni.

Na si hivyo tu. Wakati wa oda hiyo biti moja ilikatika, ikaruka, ikampiga juu ya jicho la kushoto. Alishonwa nyuzi nne. Kovu lipo, linakata nyusi vipande viwili.

Hapo ndipo mwanawe wa kwanza alipoingilia. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, mtu wa maneno machache na viatu visafi, na ndiye aliyemshika mama yake mkono wakati anashonwa. Alitaka mashine iuzwe siku hiyohiyo, na mama ahamie kwake, ambako kuna chumba kinamsubiri chenye kitanda na pazia tayari.

"Alisema, Mama, hakuna kifungo chenye thamani ya jicho," anasimulia Mama Kekee. "Nikamwambia, na hakuna jicho linalofurahia kutazama ukuta wa mtu mwingine mpaka kufa. Tukanuniana siku nne. Mimi na mwanangu hatujawahi kununiana siku nne."

Mwisho wakakubaliana. Oda moja tu. Ikienda kwa wakati, isirudishwe, na biti isimguse tena, muuguzi atanyamaza. Ikishindikana, mama atafunga virago bila ubishi.

Oda hiyo ndiyo hii. Mfumaji wa sweta ana sweta mia moja na sitini za watoto wa shule ya chekechea, zimekunjwa, zimefungwa, hazina vifungo. Shule inafunguliwa Jumatatu.

Dawa ya kuyumba kwa biti ilitoka kwa shemeji, na ndiyo iliyomfanya Mama Kekee akubali kuweka rehani mashine yake kwa mkono mmoja. Alichukua kijiti cha shaba, kile cha kuchomelea, chenye unene wa milimita tatu, akakibana kwenye koleti mahali pa biti. Biti yenyewe akaibana kwenye jiliwa juu ya meza, ikitazama juu. Akawasha. Kijiti kikazunguka na kushuka taratibu juu ya biti iliyotulia, mpaka kikatobolewa tundu katikati ya kichwa chake.

"Watu hutoboa kijiti kwingine, halafu wanakileta kwenye mashine," anaeleza shemeji. "Makosa. Kila mashine ina kilema chake. Ukileta kitu kilichotobolewa kwingine, umeleta kilema cha pili kije kugombana na cha kwanza. Kitoboe hapohapo kitakapofanya kazi, tundu lizaliwe na kilema cha nyumba ile. Litakuwa limenyooka kwa mashine ile tu, na inatosha, kwani unataka kukiazimisha?"

Biti ikatiwa ndani ya tundu hilo kwa supagluu. Ilizunguka kama imesimama. Kwa kuwa unyoofu huo ulikuwepo pale tu kijiti kilipokaa namna kilivyotobolewa, shemeji alitoa onyo moja: kisitolewe, na kikitolewa kirudi vilevile. Mama Kekee akachukua rangi nyekundu ya kucha, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye kijiti mpaka kwenye mdomo wa koleti. Mistari ikikutana, mambo sawa.

Vifungo mia tano na ishirini vilitobolewa hivyo, na biti tatu tu zilikatika.

Sasa, Jumanne asubuhi, Mama Kekee anachukua kioo cha kukuzia na kuinamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa mota. Anatazama kwa muda mrefu. Kijiti kinang'aa. Koleti inang'aa. Hakuna mstari.

"Nani kaisafisha hii?" anauliza, na kabla hajajibiwa, jibu limemfikia. Anakaa tena kwenye kigoda. "Kuna mtu amenisaidia," anasema.

Jumapili alikwenda bucha kuchagua pembe. Mwanawe alikuja, akamkuta hayupo, akangoja. Mama aliporudi alikuta chumba kimefagiwa, vyombo vimeoshwa, na vumbi la pembe halipo hata kwenye reli. Alifurahi, akamshukuru, akampikia chai. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kliniki, hakugusa mashine.

Mwandishi anauliza swali ambalo msomaji naye analo: je, kijana alifanya makusudi?

Mama Kekee anafuta kioo cha kukuzia kwa upindo wa kanga, ingawa ni kisafi. "Huyo nimemzaa mimi," anasema. "Lakini nitamuuliza. Nisipomuuliza litaniganda moyoni."

Anampigia. Muuguzi yuko zamu mpaka saa tisa. Kisha anampigia shemeji yake, ambaye anatukana kidogo, anaomba radhi, kisha anatoa maelekezo. Mama Kekee hana shaba nyingine pale, na kutoboa kijiti kipya bila fundi ni kujitafutia balaa. Njia iliyobaki ni kuitafuta ile nafasi ya zamani. Zungusha kijiti ndani ya koleti, sehemu moja ya nane kila mara, kaza, pima, legeza. Mahali fulani kwenye duara biti itanyooka tena.

"Kupima unapimaje?" anauliza Mama Kekee.

"Chomeka sindano kwenye kipande cha sabuni, isogeze karibu na ncha ya biti, pakae nafasi ya unywele. Zungusha mota kwa kidole. Nafasi isipobadilika, umefika. Lakini shemeji, hiyo kazi inataka mkono."

"Mkono gani?"

"Mkono usiotetemeka," anasema shemeji, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hana utani.

Anagundisha biti mpya, ya kwanza ya zile nne, na kujaribu hata hivyo. Kwa saa mbili na nusu mwandishi anatazama mama huyu akipambana na milimita. Sindano inakaribia, mkono unaruka, sindano inagonga biti. Mara ya nne anaiinamisha biti, na ni bahati tu kwamba haikatiki. Mwandishi anajitolea. Anaambiwa kwa upole kwamba mtu aliyeshindwa kukaa bila kuegemea meza hatagusa biti ya nne kutoka mwisho. Ni haki yake kukataa.

Saa tisa na nusu muuguzi anaingia, bado na sare ya kazini. Anavua viatu mlangoni. Anatazama mashine iliyozimwa, kiboksi cha biti kilicho wazi, na uso wa mama yake.

"Jumapili ulisafisha mashine," anasema mama.

"Nilisafisha."

"Kwa nini?"

"Kwa thina ya rangi. Ilikuwa na…"

"Sijauliza kwa kitu gani. Nimeuliza kwa nini."

Muuguzi anajikuna shingo. "Nililegeza kile kikombe nikachomoa kijiti. Kilikuwa na doa jekundu limegandia hapo. Mama, nilidhani ni damu yako. Nilidhani umeumia tena ukanificha, na umeacha hata kupangusa. Nilikaa nacho mkononi hapo kitandani. Halafu nikalisugua doa mpaka likaisha. Kazini kwetu damu haiachwi kwenye chombo."

Jirani wa mlango wa pili anasikika akigombana na redio yake.

"Ilikuwa rangi ya kucha," anasema mama.

"Ya kucha?"

"Alama. Ndiyo iliyokuwa inainyoosha biti."

Muuguzi anafunika uso kwa viganja viwili. Mama Kekee anamwacha akae hivyo, kisha anauliza lile lililomganda. "Ulitaka nishindwe?"

"Kushindwa nilitaka," anajibu mwanawe kutoka nyuma ya viganja. "Sikufichi. Niliomba ushindwe. Lakini si kwa hila. Wallahi, si kwa hila."

"Basi nawa mikono uje hapa," anasema mama. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Leo nalia na wewe."

Muuguzi ananawa kama wanavyonawa wodini, mpaka kwenye viwiko. Mikono hii kila siku hutafuta mshipa kwenye kiganja cha mtoto wa miezi miwili. Anapiga magoti mbele ya mashine. Anachomeka sindano kwenye sabuni, anaisogeza, inasimama nafasi ya unywele kutoka kwenye biti, na haitikisiki. Mama Kekee anaitazama ile mikono na machozi yanamtoka waziwazi. Anayafuta kwa bega kwa sababu ameshika tochi na kioo.

"Zungusha," anasema.

Mwanawe anazungusha mota kwa kidole. Nafasi inapanuka, inafumba, inapanuka.

"Siyo. Legeza. Geuza kidogo. Kidogo nimesema, hufungui chupa ya soda!"

Sehemu ya pili ya duara. Siyo. Ya tatu ni mbaya kuliko ya pili. Ya nne afadhali. Kwenye ya tano Mama Kekee anaagiza mizunguko mitatu mizima. Muuguzi anamtazama mama, mama anatazama biti.

"Rudisha nyuma unywele mmoja," ananong'ona. "Hapo. Hapohapo. Kaza, lakini kijiti kisizunguke."

Anakaza kwa spana mbili, pole, kama afungaye kifuniko cha dawa. Wanapima tena. Nafasi haibadiliki. Mama anamwonyesha kichupa cha rangi ya kucha, muuguzi anatikisa kichwa. Anachomoa sindano kwenye sabuni na kukwaruza mstari juu ya shaba, unaopita mpaka kwenye chuma cha koleti.

"Huu hata mimi siwezi kuufuta," anasema.

Kabla mota haijawashwa analo sharti moja. Anatoa mfukoni miwani ya plastiki ya kufunika macho kotekote, ya kule kazini, aliyoinunua kwa hela yake wiki mbili zilizopita na kuogopa kumpa, kwa kuwa ingekuwa kama kukubali mashine ibaki. Mama Kekee anaivaa juu ya miwani yake ya kusomea. Anafanana na chura, na mwanawe anamwambia hivyo.

"Chura mwenye oda," anajibu, na kubonyeza kitufe.

Matundu themanini ya bamba la kwanza yanapita bila "tak!" hata moja. Jumanne hiyo wanamaliza mabamba matatu. Jumatano muuguzi anabadilishana zamu na mwenzake na kushinda hapa, akikata mabamba na kusugua vifungo kwa msasa, huku mama akiongoza kompyuta kwa kidole kimoja. Biti moja inachoka na kukatika saa nane mchana. Wanabaki na tatu, na mabamba mawili tu ya kumalizia.

Alhamisi, saa sita kasoro robo, mfumaji wa sweta anafika kwa miguu, mfuko wa sweta begani. Ni mwanamke mrefu, mwenye haraka, asiyekaa anapokaribishwa. Anaumimina mfuko wa vifungo mezani, anachota konzi bila kuchagua, anapitisha uzi mnene kwenye madaraja na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Anavuta kumi, anavuta ishirini. Anatumbukiza vingine kwenye kikombe cha maji ya moto na sabuni, anavitoa, anavuta tena. Muuguzi amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama yuko mbele ya mganga mkuu.

"Vinne vina doa," anasema mfumaji hatimaye. "Si ubovu, ni rangi tu. Ulizidisha vingapi?"

"Kumi na viwili," anasema Mama Kekee.

"Basi vimetimia." Na hapo anakaa, anakubali maji, anakunywa glasi nzima. "Mama, nilikuwa nimeshaongea na muuza vifungo vya plastiki. Naomba unisamehe. Nilisikia mikono yako…"

"Mikono yangu bado mibaya," anasema Mama Kekee. "Umesikia kweli."

Mfumaji anacheka, kisha anauliza kile alichokuja nacho moyoni. Ana wateja wa nguo za watoto wachanga. Wanataka vifungo vidogo zaidi, vya milimita nane, matundu mawili, vya pembe, visivyokwaruza ngozi. Amezunguka kote, kila fundi anamwambia haiwezekani. Inahitaji biti ya milimita moja.

Muuguzi anatoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga msumari.

Lakini mama yake ameshachukua kalamu. Mkono unatetemeka juu ya karatasi, mistari inakwenda kama nyayo za kuku, ila mpango unaeleweka. Anataka vijiti vitatu vya shaba, kimoja kwa kila unene wa biti, vyote vitobolewe kwenye mashine hii, kila kimoja na mkwaruzo wake. Shemeji anarudi Jumapili na shaba. Vifungo vya watoto wachanga vina bei mara mbili, na pembe yake ni ile ya vipande anavyotupa sasa. Kufikia mwisho wa mwaka, anasema, anataka awe na mtu wa kumsaidia kukaza spana, amlipe mshahara, na amnunulie jirani wa mlango wa pili feni inayopeleka harufu upande mwingine.

"Na kwenda kwa mwanao?" anauliza mwandishi.

"Nitakwenda. Krismasi na Idi, nikale, nirudi."

Muuguzi anatazama karatasi ile yenye mistari ya kutetemeka, anatoa simu, anatafuta namba. Inaonekana mnunuzi wa mashine alikuwepo tangu mwezi jana, mtengeneza vibao vya majina, na walishapatana bei. Mama Kekee hakujua. Anajua sasa, maana chumba kina hatua nne tu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ndugu yangu, ile mashine haiuzwi," anasema muuguzi. Anasikiliza. "Hapana, si suala la kuongeza bei. Mwenyewe bado ana kazi nayo."

"Unasema nini hapo?" anauliza Mama Kekee, ingawa masikio yake hayajawahi kuwa na tatizo. "Sema kwa sauti, nisikie."

Mwanawe anamgeukia, simu bado sikioni, na kurudia.